Uraibu wa ndugu zetu tusiufiche hospitalini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo, katika miaka yangu ya uuguzi hapa Dar es Salaam, nimeliona likiondoa watu ambao bado walikuwa na nafasi ya kupona. Nalo ni uraibu wa heroini unaofichwa, si kwa majirani pekee, bali hata kwa wale wenye uwezo wa kumsaidia mgonjwa.

Sababu za kuficha nazielewa. Kijana akishajulikana mtaani kuwa anatumia unga, kila simu inayopotea huulizwa yeye, dada zake huhofiwa na wachumba, na mama yake husemwa kwenye kila shughuli anayohudhuria. Kumsitiri ndugu ni wema tuliolelewa nao, na sitaki mtu yeyote atangazwe. Ninachopinga ni siri hiyo kuingia na mgonjwa hadi mbele ya daktari, ambako haimlindi tena na chochote.

Anayeficha hutumia peke yake, na hapo ndipo kifo kilipo karibu zaidi. Heroini ikizidi mwilini hudhoofisha upumuaji. Mtu husinzia, midomo hubadilika rangi, pumzi hupungua hadi kukatika. Mara nyingi hali hiyo huchukua muda, na aliye karibu angeweza kumpulizia pumzi na kumkimbiza hospitali, ambako dawa iitwayo naloksoni inaweza kumrudisha katika dakika chache. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watu wanaoweza kushuhudia tukio kama hilo wapatiwe dawa hiyo na mafunzo ya kuitumia. Lakini ndugu asiyejua lolote atapita nje ya mlango uliofungwa akidhani kijana amelala.

Hatari huongezeka pale familia inapomsafirisha kijana kijijini kimyakimya, huku majirani wakiambiwa amekwenda kufanya biashara. Miezi michache bila unga huufanya mwili upoteze mazoea yake, na akirudi mjini akatumia kiasi kilekile cha zamani, kiasi hicho kinaweza kumuua. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka gerezani. Familia hufurahi kwamba ameacha, wala hakuna anayethubutu kumwonya, kwa kuwa kumwonya ni kukiri kwamba alikuwa anatumia.

Lipo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Huduma ya methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mraibu badala ya heroini, ilianza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, na imewarejesha wengi kazini na nyumbani. Kwa kawaida mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Sasa mgonjwa huyo akipata kifua kikuu, akaenda kituo kingine na kunyamaza kuhusu methadoni, ataanzishiwa dawa zenye rifampisini, ambayo hulifanya ini liiondoe methadoni mwilini haraka kuliko kawaida. Baada ya siku kadhaa arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, itamrudia: maumivu ya viungo, kuharisha, jasho, kukosa usingizi. Yeye ataamini kuwa dawa za kifua kikuu ndizo zinazomdhuru, na ama ataziacha, ama atarudia unga ili apate nafuu. Vyote viwili vingeepukika iwapo vituo viwili vingewasiliana, dozi ya methadoni ikaongezwa katika miezi sita ya matibabu, kisha ikapunguzwa kwa uangalifu rifampisini inapokoma. Baadhi ya dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI nazo zina athari ya namna hiyo.

Wanawake huficha zaidi, kwa kuwa jamii huwahukumu vikali zaidi. Mjamzito anayemwogopa mkunga huweza kujiachisha unga ghafla, jambo linaloweza kumharibia mimba au kumletea uchungu kabla ya wakati. Akisema, ataanzishiwa methadoni, na mtoto akizaliwa ataangaliwa kwa karibu, maana naye huweza kupata arosto na ikatibiwa. Hata mnywaji wa pombe wa kila siku anayelazwa kwa ajili ya mguu uliovunjika aseme anakunywa kiasi gani, kwa sababu kukatishwa ghafla kunaweza kumletea degedege na kuweweseka wodini, na wengine hufa kwa hali hiyo.

Sisi watoa huduma tunabeba sehemu ya lawama, kwani mgonjwa aliyewahi kusemwa mbele ya foleni hatafungua kinywa mara ya pili. Nawaomba waganga wafawidhi wahakikishe kwamba swali hili linaulizwa na mtu mmoja, faraghani, ndugu wakiwa nje, na kwamba jibu lake halisomwi kwa sauti kwenye dirisha la dawa. Nanyi ndugu mnaomleta mgonjwa asiyeweza kusema, mwambieni muuguzi wa zamu anatumia nini, mara ya mwisho alitumia lini, na kama yupo kwenye methadoni, anainywea kliniki ipi, ili simu ipigwe huko kabla hajaandikiwa dawa yoyote.

Muuguzi mstaafu,
Dar es Salaam