Kutoka si sawa na kutolewa

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzetu anayesema kwamba vyuo vikuu binafsi vya Marekani havina tena nafasi katika futiboli ya Kimarekani (ile ya kubeba mpira mikononi) ya ngazi ya juu, na kwamba vingefanya busara kuviachia uwanja vyuo vya serikali vyenye wanafunzi makumi ya maelfu. Nimeishi Nashville miaka kumi na mmoja sasa, na sikubaliani naye hata kidogo.

Jioni ya Oktoba 5, 2024 nilikuwa natoka kazini, nikakuta barabara ya Broadway imefurika watu. Vanderbilt, chuo cha hapa Nashville na chuo binafsi pekee katika SEC, ligi ya vyuo vikubwa vya kusini mwa Marekani, kilikuwa kimekifunga chuo cha serikali cha Alabama 40-35. Alabama ndiyo iliyokuwa ikishika namba moja nchini, na mara ya mwisho kufungwa na Vanderbilt ilikuwa 1984. Vijana walikuwa wameng'oa milingoti ya goli, ile ya njano, wakaibeba mabegani zaidi ya maili mbili mpaka Mto Cumberland, wakaishua. Nasema wakaishua kwa sababu mimi ni mtu wa Pangani, nimeshika kamba siku jahazi jipya linaposhushwa majini, na kazi ilikuwa ileile: wa mbele wanaita, wa nyuma wanaitikia, aliyechoka anatoka na mwingine anaingia bila kuambiwa. Mzee mmoja mbele yangu, kavaa jaketi jeusi lenye herufi za dhahabu, aligusa chuma kwa ncha za vidole kilipompita. Kisha akasimama palepale akilia.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo Vanderbilt ilishinda mechi 2 na kufungwa 10. Kwa hesabu ya mwenzetu, ingekuwa imeshavunjwa. Mwaka 2025 ikashinda mechi 10 katika msimu mmoja, jambo ambalo haikuwahi kulifanya tangu 1890 ilipoanza kucheza, tena chini ya kocha Clark Lea, ambaye naye aliwahi kuichezea. Northwestern, chuo binafsi kule Illinois, walifungwa mechi 34 mfululizo mpaka 1982. Walikaa, wakavumilia, na mwaka 1995 wakatwaa ubingwa wa ligi yao kubwa, Big Ten.

Mwenzetu ameutaja mfano wa Chuo Kikuu cha Chicago, na hapo ana haki ya kusikilizwa. Chicago kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Big Ten. Jay Berwanger, mchezaji wa kwanza kupata Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1935, alitoka hapo. Mwaka 1939 kilifungwa na Michigan 85-0, na Desemba mwaka huohuo mkuu wa chuo, Robert Maynard Hutchins, akaifuta timu. Aliona chuo ni mahali pa kusoma. Naheshimu uamuzi ule, kwa kuwa ulikuwa wa wenyewe.

Lakini mbona hakuitaja Rice, chuo binafsi kidogo cha Houston? Septemba 1962 Rais Kennedy alisimama katika uwanja wa Rice, Houston, akieleza kwa nini Marekani inakwenda mwezini, na katikati ya hotuba akauliza: kwa nini Rice inacheza na Texas, yaani Chuo Kikuu cha Texas? Watu wakashangilia, maana kila mtu alijua Rice ni kadogo na Texas ni jitu. Mwezi uliofuata wawili hao walikutana uwanjani hapohapo, Texas ikiwa namba moja nchini, wakatoka sare 14-14. Rice haikuchoka kucheza na wakubwa. Ligi yao ya Southwest ilipovunjika mwaka 1996, wakubwa walikwenda kuunda ligi mpya, Big 12, kwa ajili ya fedha za televisheni. Kati ya vyuo binafsi wakamchukua Baylor peke yake. Rice, TCU na SMU wakaachwa mlangoni. TCU ilihangaika mpaka 2012 ndipo ikaingia Big 12, na Januari 2023 ikacheza fainali ya taifa. SMU, ili ipokelewe katika ligi ya ACC mwaka 2024, ilikubali kukaa miaka tisa bila mgawo wa televisheni. Rice mpaka leo iko nje ya ligi kubwa.

Ndiyo maana barua ile imenitia wasiwasi. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, na kila mkataba wa kuonyesha mechi kwenye televisheni unapokaribia kwisha, maneno ya kuwaondoa wadogo huanza upya. Sisi wasomaji tukizoea kusema kwamba binafsi wangeondoka tu kwa hiari, tunawatengenezea njia wale wanaotaka kuwafukuza.

Vanderbilt ni mwanzilishi wa SEC tangu 1932. Northwestern ni mwanzilishi wa Big Ten tangu 1896. Ninachotaka ni kidogo: katiba za ligi hizo ziandikwe wazi kwamba mwanachama hatolewi kwa sababu ya uchache wa watazamaji wake wa televisheni, na anayetaka kutoka, kama Chicago, aseme mwenyewe. Naomba ukurasa wenu wa michezo uliandike jambo hili kabla mikataba mipya haijatiwa saini.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Nashville, Tennessee