Msiuze lupango, kiwanja cha baba

Leeds, 23 Novemba 2025

Yaya Mamie, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mama. Odio zenu nimezisikiliza zote, hata ile ndefu ya tonton Célestin. Nilinyamaza kwanza, maana ningejibu siku ile ningemkosea mkubwa heshima.

Tonton anasema mimi ndiye ninayemzuia kijana wetu Patient asije Uingereza, eti nimefika kwenye chakula nikafunga mlango. Yaya, neno hilo limenichoma. Nani alilipa minervali, yaani karo, ya Patient mpaka akapata diploma ya serikali? Tonton alitoa hata franka moja?

Sasa msomee mama polepole. Kazi ya kutunza wazee ambayo yule komisionere, dalali wa viza, anawauzia haipo tena kwa mtu aliye nje ya Uingereza. Tangu 22 Julai mwaka huu serikali ya huku imefunga kuleta walezi kutoka ng'ambo. Siku hiyohiyo mshahara wa chini wa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi ulipanda kutoka pauni 38,700 kwa mwaka hadi 41,700, na kazi nyingi za chini ya ngazi ya digrii zikaondolewa. Mwanzoni mwa 2024 kiwango kilikuwa 26,200 tu. Patient atalipwa na nani pesa hiyo?

Ile picha ya hati ya udhamini mliyonitumia niliikuza kwenye simu. Imeandikwa mlezi wa wazee, mshahara pauni 20,480, imetolewa Septemba 2025. Septemba! Njia ilikuwa imeshafungwa. Jina la kampuni limeandikwa kwa namna mbili kwenye ukurasa uleule, na chini kuna mhuri mwekundu mzuri kabisa. Hati ya kweli haina mhuri, yaya. Ni namba ambayo mwajiri anaipata kwenye mtandao wa serikali, ada yake ni pauni 525, na mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi ada hiyo. Basi dola 8,000 za komisionere ni za nini?

Na mnataka kuuza lupango ya Ruashi, hapo Lubumbashi, kwa ajili ya karatasi hiyo. Baba aliinunua kwa pesa ya Gécamines, kampuni ya migodi, akapanda ile miembe mwenyewe. Najua mvua zimeanza na maembe yako njiani. Huku nayaona dukani, moja moja, hayana hata harufu.

Mwambie tonton pia kwamba mimi sikupita kwa komisionere. Nilipita kwa diploma ya Polytechnique, kitivo cha uhandisi cha UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, na mshahara wangu umevuka hizo 41,700. Mwezi uliopita mkubwa wetu wa kazi aliniita mbele ya wote: daraja la waenda kwa miguu nililolipigia hesabu limepitishwa, na jina langu liko kwenye michoro. Jina la baba, yaya, kwenye daraja la Wazungu. Baridi nimeizoea.

Mnauliza pesa yangu inakwenda wapi. Namkusanyia mke wangu Nadine na watoto wetu wawili, waje huku. Viza ya miaka mitatu ni pauni 769 kwa kila mmoja. Juu yake kuna ada ya matibabu: mtu mzima 1,035 kwa mwaka, mtoto 776, na miaka yote mitatu inalipwa kwa mkupuo. Jumla ni pauni 10,068, kabla ya tikiti ya ndege. Mtoto wa pili ananijua kwa sura ya kwenye simu. Hiyo ndiyo pesa tonton anasema nimeificha.

Patient simtupi. Aende Polytechnique, nitalipa mwaka wa kwanza wote, na masomo ya Kiingereza nitalipa, maana kuanzia 8 Januari 2026 hata kiwango cha Kiingereza cha viza ya kazi kinapanda, kutoka B1 hadi B2. Akimaliza, tutazungumza kama maenjinia wawili.

Hati ya lupango ichukue kwa mama leo, uiweke kwako Kamalondo. Paspoti ya Patient irudishwe. Zile dola 500 za mwanzo mlizompa komisionere mzidai, tonton aende mwenyewe kwa sababu ndiye aliyemleta yule mtu nyumbani. Dawa za mama nitatuma Ijumaa kwa M-Pesa, kwa namba yako wewe, si nyingine.

Nipigie Jumapili mkitoka misa, mama akiwepo.

Mdogo wako,
Guylain