Kiitikio si changu peke yangu: nijaze nini kwenye fomu ya hakimiliki?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni msanii wa kujitegemea, sina lebo wala meneja. Natunga mwenyewe, nahangaika na studio mwenyewe, na wimbo ukiiva naupeleka mwenyewe kwa msambazaji wa mtandaoni. Nina nyimbo tisa ninazotaka kuzisajili hakimiliki. Nane hazinipi shida. Wa tisa ndio unaoninyima usingizi, na ndio huo huo ambao watu wameupenda.

Kwa muda mrefu niliamini nimeshazisajili. Msambazaji alinipa namba ya kila wimbo, ile ISRC yenye herufi na tarakimu 12, nikajiona nina hati mkononi. Kumbe namba ile huitambulisha rekodi tu. Haisemi wimbo ni wa nani. Utunzi wenyewe, yaani maneno na mahadhi, una namba yake nyingine, ISWC, na hiyo sikuwa nayo hata moja. Kabla ya hapo nilifanya ujinga mkubwa zaidi: nilijitumia kwa posta barua yenye maneno ya nyimbo zangu nikaihifadhi bila kuifungua, nikidhani muhuri wa posta ni kinga. Bahasha bado ninayo. Inathibitisha kwamba siku hiyo nilituma bahasha.

Nilizinduka pale wimbo wa tisa ulipozuiwa mtandaoni. Mfumo wa kutambua sauti ulidai ni mali ya mtu mwingine. Prodyuza aliyeniuzia biti alikuwa amemuuzia na msanii mwingine biti ile ile, na mwenzangu akaniwahi kuiingiza kwenye mfumo. Nilipombana prodyuza hakukana. Alisema aliniuzia ruhusa ya kuitumia, si biti yenyewe, na nikitaka iwe yangu peke yangu bei ni nyingine. Mkataba wetu wote ni ujumbe mmoja wa simu: "Poa, kazi njema." Nchi nyingi hazitambui kuhamishwa kwa hakimiliki bila maandishi yenye saini, kwa hiyo sina pa kushika. Hilo hata hivyo naliona njia yake: tukae, tuandikiane, nilipe au tugawane. Kosa ni langu.

Kinachonishinda ni kiitikio.

Nilishajua kwamba chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kazi hulindwa bila sharti la kusajiliwa, na kwamba faida kubwa ya usajili ni ushahidi siku mambo yakiharibika. Nikaanza kukusanya vielelezo: daftari lenye beti zilizokatwakatwa, mafaili ya studio yenye tarehe, na vipande nilivyojirekodi kwa simu. Ndipo nikakuta kimoja cha sekunde 47. Nasikika nikiimba mstari wa kwanza wa kiitikio, sauti ikididimia mwishoni kama ya mtu anayeomba radhi. Rafiki yangu, aliyekuwa amekaa pembeni akibofyabofya kalamu (kalamu yenyewe inasikika), anasema: "Usishuke hapo. Panda, halafu katiza." Kisha anaimba mdomo umefumbwa, mm-mm-mm, mara mbili. Mara ya tatu naingia mimi na maneno yangu juu ya mahadhi yake. Hicho ndicho kiitikio kinachoimbwa na watu leo, noti kwa noti.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Ningeapishwa, ningeapa kwamba nilikitunga peke yangu. Shahidi niliyemtafuta anitetee ndiye ananigeuka.

Nikampigia simu. Akacheka. "Mimi nilikuwa naguna tu, bwana. Andika jina lako." Yeye si mwanamuziki, hajawahi hata kukanyaga studio. Najua kutoa ushauri si kutunga: anayekwambia "kifanye kiitikio kichangamke" ametoa wazo, na wazo halina hakimiliki. Lakini huyu hakuishia kwenye wazo. Alitoa mahadhi yenyewe.

Fomu inauliza mtunzi wa maneno ni nani, mtunzi wa muziki ni nani, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Chini kabisa natakiwa nisaini kwamba niliyoyaandika ni kweli. Mke wangu anasema mwenyewe karuhusu, nijaze jina langu yaishe. Prodyuza, wa kunipa ushauri yeye, ananiambia ukimwamsha aliyelala utalala wewe.

Leo rafiki yangu anacheka. Ila kazi ya watunzi wawili, ulinzi wake huhesabiwa tangu afariki wa mwisho wao: angalau miaka 50 kwa Mkataba wa Berne, na nchi nyingi zimefika 70. Wanawe hawakuwepo siku anacheka. Upande wa pili, nikimwandika, kila atakayetaka kuununua wimbo huenda akadai saini zetu sote, na huyu ni mtu wa kubadilisha namba ya simu kama shati. Karatasi ya mgawanyo niliyompelekea ina wiki tatu mezani kwake, haijaguswa. Na yupo mtu anayetaka kuutumia wimbo kwenye filamu fupi, anasubiri nimthibitishie kwa maandishi wenye haki ni kina nani.

Naomba unishauri. Neno lake la kwenye simu linatosha, au nimwandike kama mtunzi kisha yeye anihamishie haki zake kwa maandishi ili niwe huru kuuza? Na kama tunagawana, fungu lake liwe kiasi gani? Beti zote ni zangu na maneno yote ni yangu. Nusu naona inaniuma, asilimia tano naona aibu. Tena, nizitangulize zile nane nikiuacha wa tisa nyuma, au nivute subira ziende pamoja?

Kile kipande cha sekunde 47 bado kipo kwenye simu. Nakiri kidole kilishafika kwenye alama ya kufuta.

Wako,
Msanii asiye na lebo