Barua ya wazi kwa msimamizi wa kilimo: naomba jibu la udongo wangu

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote, nakuandikia kutoka Kakuyuni, Malindi. Jumatatu nilipanga foleni tangu alfajiri, nikarudi nyumbani na mfuko wa mbolea ya kukuzia, naitrojeni tupu. Nilipouliza ya kupandia, yenye fosforasi, iko wapi, kijana aliyekuwa akiandika majina alinijibu kwamba mbolea ni mbolea, nichukue au nimpishe mwenzangu.

Mbolea si moja, Mheshimiwa. Wewe mwenyewe ulitufunza hivyo barazani, chini ya mwembe, masika mawili yaliyopita. Ulisema mahindi machanga yakikosa fosforasi majani hugeuka zambarau na mizizi hudumaa. Ukaahidi udongo wetu utapimwa na majibu tutayapata kabla ya kupanda. Vijana wako walikuja kweli. Nilichimba kwa jembe langu, nikajaza mifuko ya karatasi, nikaandika jina langu juu yake. Nimepanda mara mbili tangu siku ile, na majani ya zambarau nimeyaona mara mbili.

Baba alifyeka pori hili mwaka 1976. Mwaka huohuo watafiti kule Kabete walianza jaribio la kulima mahindi na maharagwe mfululizo, waone udongo unakuwaje. Shamba lao limepimwa miaka nenda miaka rudi. Letu halijapata jibu hata moja.

Nimeshika kalamu nikapiga hesabu. Gunia la mahindi la kilo 90 huondoka shambani na takriban robo kilo ya fosforasi. Enzi za Baba, eka zetu 4 zilitoa magunia 32 kwa mwaka. Ni kilo 8 zilizopanda lori kila mwaka, wala hazikurudi. Naitrojeni angalau kunde huivuta hewani. Fosforasi haina njia hiyo. Hutoka kwenye mawe, na mawe huoza polepole mno. La sivyo itoke kwenye samadi, au dukani. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, ile mbolea ya kupandia, una karibu kilo 10 za fosforasi. Mfuko mmoja kwa mwaka, Mheshimiwa! Huo tu ungelirudisha tulichochukua. Tumekula akiba ya ardhi karibu miaka hamsini, na mwaka jana eka zote 4 zimenipa magunia 9. Nina watoto wanne.

Mimi naamini mchanga wetu umeishiwa fosforasi. Jirani yangu anasema fosforasi ipo, ila udongo umeingia asidi na kuinasa kwenye chuma na alumini, kwa hiyo tuanze na chokaa ya kupunguza asidi. Huenda ni yeye aliye sawa. Lakini nikitia DAP penye asidi, nazidisha asidi. Nikinunua chokaa isiyohitajika, nimetupa karo ya binti yangu. Wa kutuamua ni kipimo, nacho kiko kwenu. Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti kilimo, basi tusielekezwe tena Nairobi.

Siombi mbolea ya bure. Ule mfuko wa Jumatatu uko pembeni mwa nyumba, sijaufungua. Naomba karatasi moja yenye jibu la udongo wangu. Ikiwa mifuko ile imepotea, niambieni, nitachimba tena kesho. Nipeni jibu kabla ya mvua, Mheshimiwa. Kabla ya mvua.

Mkulima wa Kakuyuni