Kwa dada yangu: mwache mtoto na upole wake

Dada yangu, shikamoo.

Naandika hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako, wazazi wengi wanasema hayo hayo unayosema wewe kuhusu huyu mdogo, mbona hafanani na kaka yake, mbona wageni wakija anajificha, sijui nimekosea wapi na wote nimewalea sawa. Na unayasema mtoto amekaa hapo hapo anasikia. Mimi inaniuma sana dada.

Kwanza hujakosea popote. Mwaka 1956 kule New York madaktari wawili wa akili, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza kuwafuatilia watoto tangu wachanga mpaka wakawa watu wazima, wakaona kwamba mtoto anakuja na hulka yake hata kabla mzazi hajaanza kumfundisha chochote. Kama asilimia 40 walikuwa wepesi, wanakula na kulala kwa mpangilio na kuzoea watu haraka, asilimia 10 wagumu, vilio vikali na kila kitu kipya wanakikataa. Halafu asilimia 15 hivi ndo hao kama wako, sio wakorofi wala sio wagonjwa ila wanachelewa kuzoea, ukiwapa muda wanachangamka wenyewe. Waliobaki walikuwa mchanganyiko.

Baadaye Jerome Kagan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard Marekani, akachunguza watoto wa miezi minne tu, anawaonyesha vitu vigeni na kuwasikilizisha sauti wasizozoea, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa anarusha mikono na miguu na kulia. Wengi wa hao walipofika miaka miwili ndo walikuwa waoga kwa wageni. Ila sio wote! Kuna waliozaliwa na uoga ule ule na ukapungua, kwa hiyo hulka ni mahali pa kuanzia tu.

Sasa hili la kusema umewalea sawa. Tafiti za mapacha, zikiwemo zile za mwanasaikolojia Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliyeanza 1979 kuwatafuta mapacha waliotenganishwa wakiwa wadogo, zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za haiba kati ya watu inatokana na jeni, yaani yale tunayorithi kwa damu. Inayobaki tunaiita mazingira, lakini kilichowashangaza watafiti ni kwamba kulelewa nyumba moja peke yake hakuwafanyi ndugu wafanane sana, kinachogusa zaidi ni yale kila mmoja anayopitia kivyake, marafiki aliowapata, mwalimu wake, ugonjwa aliougua, na jinsi wewe unavyompokea yeye. Mkubwa alikuwa anacheka na kila mtu na wewe ukawa unacheka naye, mdogo anajificha na wewe unakunja uso, hivi kweli hao wamelelewa sawa?

Sigmund Freud, yule daktari aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliuweka msingi wa haiba yote kwenye miaka ile ya mwanzo ya utoto, na mpaka leo wazazi wengi wanabeba lawama kwa sababu ya fikra hiyo. Mimi namsikiliza zaidi Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyekuja baada yake, aliyesema makuzi yana hatua nane mpaka uzeeni, na kwenye ule umri wa shule ya msingi mtoto anajijenga kuwa mtu anayeweza au anaanza kujiona duni. Mwanao yuko hapo hapo sasa hivi dada, na kila siku anasikia kaka yake anamzidi.

Na anakutazama pia. Mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1961 aliwaweka watoto wamwangalie mtu mzima akimpiga mdoli, baadaye walipopewa nafasi wengi wakafanya vile vile mpaka maneno, bila mtu kuwaambia wafanye. Kwa hiyo akikuona unaongea na wageni kwa utulivu anajifunza kuliko ukimsukuma mgongoni asalimie.

Thomas na Chess waliona kinachoamua sana mtoto atakuwaje ni kama malezi yanaendana na hulka yake. Sikuambii umfiche ndani, hapana, asipokutana na watu uoga unazidi. Mfikishe kwenye shughuli mapema watu wakiwa bado wachache, mwambie kabla nani atakuwepo, mwache akae pembeni yako kwanza mpaka atakapoondoka mwenyewe, na mtu akiuliza mbona haongei wewe jibu tu kwamba anazoea, ataongea. Na lile neno "mzito" unalomwita lisitoke tena mdomoni mwako, wala mwa shemeji.

Kitu kimoja tu uwe nacho makini. Kama nyumbani anaongea vizuri lakini shuleni hatamki kabisa, na sio ule mwezi wa kwanza wa kuanza shule, na hali inaendelea zaidi ya mwezi, hapo usisubiri, mpeleke kwa mwanasaikolojia wa watoto. Muulize mwalimu wake wiki hii, darasani anaongea au haongei, halafu nipigie uniambie alivyojibu.