Ile S iliyo pembeni ya D

Jumatatu tulifungua matairi ya mbele ya Mark X ya mteja wetu mmoja. Disiki zimegeuka buluu, pedi zinang'aa kama kioo, harufu ya kuungua bado imo. Alikuwa katoka Lushoto na familia, mguu juu ya breki tangu kule juu, na kabla ya Mombo pedali ikaanza kuzama. Tukamuuliza, kaka, ile S kwenye mkono wa gia hukuitumia? Akacheka: "Si ya vijana wa mbio hiyo?"

Wengi wanadhani hivyo. S haiongezi nguvu ya injini hata chembe. Inachobadilisha ni tabia ya giaboksi ya otomatiki. Ukiwa D, ile ya kuendea kawaida, gia hupanda mapema ili kubana mafuta. Ukibonyeza kitufe cha Sport, au PWR kwenye baadhi ya Toyota, giaboksi inang'ang'ania gia ndogo na mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini, unapanda zaidi. Kwenye Mark X ukivuta S unaona namba kwenye dashibodi: ikisoma 3, gia haivuki 3 mpaka uiruhusu.

Sasa rudi Lushoto. Hadi Mombo ni kama kilomita 33 za kona, bonde upande mmoja, mwamba upande wa pili. Shusha hadi 3 au 2 kabla mteremko haujaanza, usingoje gari ishachanganya. Injini italia, wacha ilie. Ndiyo inayokushikia gari, na breki unaigusa tu ukikaribia kona. Gari nyingi ndogo hazina S, zina 2, L au B kwenye mkono wa gia. Mteremkoni kazi ni ileile.

Na jamani, N, yaani gia huru, ya kuserereka ili kubana mafuta tuiache. Ukiachia mafuta gari ikiwa kwenye gia, injini za kisasa za sindano (EFI) hukata mafuta zenyewe. Ukiweka N ndiyo inaendelea kunywa, tena hakuna kinachokushikilia.

Kuovateki lori barabara ya Segera pia S inafaa, ila iweke ukiwa bado nyuma yake, usiipapase ukishatoka. Hapa mjini Tanga, Ngamiani hadi Raskazone, tambarare tupu: utachoma mafuta bure. Njia ya Amani ikinyesha usiiguse Sport kabisa, tairi zitazunguka kwenye tope.

Kama gia inasita au inagonga ikibadilika, Sport haiponyi. Ilete gereji tuangalie haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usiendelee kuikimbiza gari.

Yule mteja tulimwekea disiki na pedi mpya, tukatoka naye hadi Pongwe kujaribu. Alipovuta S injini ikanguruma, mkono ukakimbilia kurudisha D. Fundi akamshika mkono: "Tulia, bosi. Haijaharibika."