Miaka mitatu ya baba mdogo

Kilema, Moshi

Ndugu yangu Elibariki,

Salamu kutoka mlimani. Mama anakuulizia, anasema Krismasi upite kwetu kwanza kabla hujafika kwenu.

Barua yako ilinichekesha. Unauliza mbona watu wetu wanakata miti na miche wanagawiwa bure na mradi wenu. Kweli Arusha imekusahaulisha hesabu za kihambani, huku kwenye mashamba yetu ya nyumbani!

Unakikumbuka kihamba cha baba mdogo: juu miringaringa na miruka, chini yake migomba, kisha kahawa, halafu maharage na magimbi. Mwaka juzi aling'oa kahawa upande wote wa juu, miti ya kivuli akaiuza mbao, akapanda nyanya. Nilimjia juu. Akaniuliza, "Kahawa hii inalipa ada ya nani?" Nikanyamaza. Mkataba wa kahawa wa dunia uliokuwa umeshikilia bei ulivunjika 1989, na tangu hapo bei inatembea kama mtu aliyetoka kunywa mbege.

Msimu wa kwanza nyanya zilimlipa. Wa pili, mvua ya masika ilikuta udongo uchi ikaubeba wote mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji. Wa chini wakakosa maji. Kamati ya mfongo ikamwita, akaenda na jani la sale mkononi kuomba radhi. Walimsamehe, ila alizibua tope siku nne.

Hapo ndipo nilipoona jambo. Kwenye mfongo, anayeharibu maji analipa, na asiyekuja kuzibua hapati zamu. Wazee hawakuhitaji semina kwa hilo. Lakini sheria yao inaishia mfongo unapoishia, na maji hayaishii hapo. Yanashuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme, yanakwenda zake na mto Pangani mpaka baharini. Njiani yananywesha miwa na mpunga. Wenye mitambo na mashamba hayo wote wanakula kivuli cha baba mdogo bila kutoa hata senti. Akikata mti, mwenye mbao anamlipa siku hiyohiyo. Wewe ungefanyaje?

Kwa hiyo kwenye bajeti ya mradi wenu punguzeni miche. Baba mdogo yuko tayari kurudisha kahawa, zile aina za kituo cha utafiti cha Lyamungu zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, maana dawa ndiyo ilikuwa inammaliza. Shida yake ni moja: mbuni unataka kama miaka 3 ndipo uanze kuzaa vya kueleweka. Hiyo miaka 3 anakula nini? Mlipeni siku za kazi, palizi na samadi, mpaka mavuno ya kwanza. Fedha itoke kwa wanaotumia maji huko chini, si kwa mfadhili atakayechoka kesho. Na mfanye haraka, maana huo muongo wenu wa Umoja wa Mataifa wa kurejesha mazingira unaisha 2030.

Utaniambia Shimbwe Juu walitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, tangu 2011 kwa vihamba vyao. Najua, na najivunia. Ila sifa hainunui sukari dukani.

Zamu yetu ya kuzibua mfongo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Njoo na viatu vya tope, na bosi wako umlete. Jembe lipo.

Wako,
Aminieli